“Nimeandika machozi mengi mno?” Vita na maisha ya nyumbani katika Athene ya kale

*Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari na msimamizi wa klabu ya maigizo. Mwaka huu tunaandaa mchezo kuhusu familia ya kawaida ya Athene ya kale wakati wa vita na Sparta. Mwenzangu wa historia ameusoma, anasema nimeandika machozi mengi mno: eti watu wa enzi zile walipenda vita, walizaliwa ndani yake, kifo kwao kilikuwa kama mvua, na mama alimwambia mwanawe arudi na ngao yake au arudi juu yake. Anasema pia kwamba vita vilikuwa kazi ya wanajeshi huko mbali, nyumbani maisha yaliendelea kama kawaida, na kila ikifika Olimpiki mapigano yalisimama. Sina hoja ya kumjibu. Je, ni kweli hawakuona vita kuwa ubaya? Na siku ya kawaida nyumbani ilikuwaje? La mwisho: mwanafunzi wetu mmoja, ambaye familia yake ilikimbia vita mashariki mwa Kongo, alitoka nje kimya tulipokuwa tunafanyia mazoezi onyesho la wanakijiji kuhamia mjini. Sijui kama nilifute onyesho hilo.*

Marahaba, Mwalimu.

Usifute machozi. Naanza na hilo kwa sababu naona ndilo linalokukosesha usingizi. Mwenzako ana nusu ya ukweli mkononi, na nusu ya ukweli huwa ngumu kuijibu kuliko uongo mtupu. Ni kweli kwamba vita havikuwa kioja kwa Waathene. Ukihesabu tangu Marathon mwaka 490 KK, walipowarudisha Waajemi baharini, hadi walipopigwa na Philip wa Makedonia pale Chaeronea mwaka 338 KK, mji ule ulikuwa vitani takribani miaka miwili katika kila mitatu. Mtoto aliyezaliwa mwaka 431, vita vyako na Sparta vilipoanza, alikuwa na miaka ishirini na saba vilipokwisha mwaka 404. Kuzoea, basi, walizoea. Mwenzako anapokosea ni pale anaporuka kutoka kuzoea hadi kupenda. Watu wa pwani wamezoea kusi. Waulize wake wa wavuvi kama wanaipenda.

Tuishike kwanza ile ngao. Maneno ya mama anayemtaka mwanawe arudi nayo au arudi juu yake si ya Athene. Ni ya akina mama wa Sparta, na aliyetuwekea ni Plutarch, aliyeandika zaidi ya miaka mia tano baadaye, wakati Sparta imeshakuwa mji mdogo ndani ya dola ya Warumi, unaoishi kwa sifa za mababu. Na hata kama yalisemwa kweli, uliza ni kwa nini yasemwe. Wasparta wenye uraia kamili hawakulima. Mashamba yao yalilimwa na maheloti, watu waliotiwa utumwani katika ardhi yao wenyewe, na hao waliwazidi mabwana zao kwa mbali. Mwanahistoria Herodotus anaposimulia pigano la Plataea la mwaka 479 KK, anahesabu maheloti saba kwa kila Msparta mmoja. Kila mwaka wakuu wapya wa Sparta walipoingia madarakani walitangaza rasmi vita dhidi ya maheloti, ili atakayemuua mmoja wao asihesabiwe kuwa na damu mikononi. Mtoto wa kiume alitolewa kwa mama akiwa na miaka saba, akalelewa na wenzake kwa njaa, viboko na mazoezi. Anayelala na adui chini ya dari moja hana budi kulea watoto wa namna hiyo. Ujasiri ule ulipikwa, tena jikoni mlimokuwa na hofu nyingi.

Mwambie mwenzako pia habari ya Leuctra. Mwaka 371 KK jeshi la Sparta lilivunjwa huko na Wathebe. Habari zilifika Sparta katikati ya sikukuu, wanaume wakiwa uwanjani wanacheza na kuimba. Wakuu wa mji hawakuisimamisha ngoma. Walipeleka majina ya wafu kwa kila familia, wakawaamuru wanawake wasipige kelele, wabebe msiba wao kimya. Xenophon, ambaye aliishi wakati huo na aliwapenda Wasparta, anaandika kwamba kesho yake waliofiwa walionekana barabarani na nyuso za kung'aa, na wale ambao watu wao walisalimika walijificha kwa aibu. Wengi husoma kisa hiki wakasema, unaona, hawakulia. Mimi kila nikikisoma nasimama kwenye ile amri. Huwezi kumkataza mtu kilio ambacho hana.

Haya, twende Athene, maana familia yako inaishi huko.

Mwenzako anaposema “wanajeshi huko mbali” anafikiria kambi, sare na mshahara wa mwisho wa mwezi. Athene haikuwa na jeshi la namna hiyo. Aliyepigana alikuwa mkulima, mfinyanzi, muuza mafuta, na alidaiwa utumishi tangu miaka 18 hadi 59. Nafasi yake vitani ilifuata mfuko wake. Mwenye uwezo wa kufuga farasi alipigana juu ya farasi. Mwenye kashamba ka kutosha alijinunulia mkuki, kofia ya shaba na ngao ya mbao yenye upana wa karibu sentimita 90 na uzito wa kilo saba hivi, akasimama kwenye safu za miguu. Asiye na kitu alipiga makasia katika manowari. Manowari moja ilibeba watu 200, na 170 kati yao walikuwa wapiga makasia waliokaa katika safu tatu, moja juu ya nyingine. Tajiri naye hakuachwa: alipangiwa meli moja aigharamie kwa mwaka mzima. Ngao haikurudishwa ghala la serikali jioni; ilikuwa mali ya nyumba, na watoto walikua wakiiona.

Sasa ongeza jambo moja linalobadilisha kila kitu. Vita vilipigiwa kura kwenye kilima cha Pnyx, na walionyanyua mikono walikuwa haohao watakaokwenda. Hakukuwa na “wakubwa wametupelekea wanetu”. Utadhani basi watu wangekuwa waangalifu sana, na mara nyingine walikuwa. Lakini mwaka 415 KK walipojadili kuivamia Sicily, kisiwa ambacho wengi wao hawakujua hata ukubwa wake, shauku iliwapanda kichwani. Thucydides, mwanahistoria wa vita hivyo, anasema waliokuwa na mashaka walinyamaza wasije wakaonekana hawaitakii nchi yao mema. Na kulikuwa na pesa: kila baharia aliahidiwa drakma moja kwa siku, ambayo katika miaka hiyohiyo ilikuwa ujira wa siku wa fundi mawe aliyejenga mahekalu. Kwa maskini wa Piraeus, bandari ya Athene, vita vilikuwa kibarua. Wala usisahau kodi iliyotoka kwa miji ya washirika. Ukiandika Waathene wote wakiwa wapenda amani waliosukumwa vitani na mtu mwingine, mwenzako atakuwa na haki ya kukukosoa.

Wito ulikujaje? Hakuna aliyekuja kugonga mlango. Katikati ya soko kulikuwa na sanamu za mashujaa kumi, mmoja kwa kila kabila. (Makabila haya yalikuwa ya utawala tu: kila mtaa na kijiji kilipangiwa kabila, hayakuwa ya lugha na asili kama yetu.) Majina ya wanaotakiwa yalibandikwa chini ya shujaa wa kabila lako, pamoja na agizo: njoo na chakula cha siku tatu. Katika kichekesho kimoja cha Aristophanes yuko mtu wa shamba aliyekuja mjini hana habari, akapita mbele ya sanamu, akaona jina lake, akatoka mbio na uso umemkunjamana maana hajanunua hata kitu cha kula njiani. Watu walicheka kwa sababu iliwahi kuwapata. Chakula chenyewe kilikuwa unga wa shayiri, jibini, samaki wa chumvi, na vitunguu, vitunguu, vitunguu. Kikapu cha vitani kilinuka vitunguu kiasi kwamba wachekeshaji walitumia harufu hiyo kumaanisha vita, na harufu ya manukato kumaanisha amani. Kama unatafuta kifaa cha jukwaani, usihangaike kukodi mapanga ya bati. Kikapu cha vitunguu kinatosha.

Kuhusu Olimpiki nitakwenda haraka. Mapatano yale yalikuwa ya kumlinda msafiri anayekwenda na kurudi na kulilinda eneo takatifu la Olympia. Hayakusimamisha vita vya Wagiriki. Michezo ilifanyika mara kadhaa katikati ya vita vya Athene na Sparta, na vita vikaendelea. Mwaka 420 KK Sparta yenyewe ilifungiwa isishiriki kwa kuyavunja mapatano, na mwaka 364 KK watu walipigana ndani ya Olympia kwenyewe, michezo ikiendelea.

Uliuliza siku ya kawaida nyumbani. Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu onyesho lako la kuhamia mjini liko hapa.

Mpango wa Pericles, kiongozi wa Athene, mwaka 431 ulikuwa wa akili na wa kikatili kwa pamoja. Sparta ilikuwa na askari wa miguu wasio na mfano. Athene ilikuwa na meli. Basi tusipigane nao nchi kavu. Waache waje wachome mashamba, sisi tuingie ndani ya kuta, kwa kuwa mji umeunganishwa na bandari ya Piraeus kwa kuta ndefu za kilomita sita hivi, na ngano italetwa kwa meli. Kwenye hesabu inakubali. Lakini Waathene wengi walikuwa watu wa shamba, na Thucydides, ambaye alikuwepo, anasema jambo hili liliwawia zito mno: kuacha nyumba, kuacha madhabahu za wazee wao, kila mtu kuona kama anauacha mji wake. Kondoo na ng'ombe walivushwa kisiwani Euboea. Watu walibeba wake, watoto, vyombo, na hata mbao za nyumba walizing'oa wakazipakia, milango na vyote. Walipofika mjini, wachache walikuwa na ndugu wa kuwapokea. Waliobaki walijibanza viwanjani, kwenye mahekalu, kwenye minara ya ukuta, katika vibanda kati ya kuta ndefu. Mchekeshaji mmoja anawataja watu waliokuwa wakiishi ndani ya makasiki, yale mapipa makubwa ya udongo ya kuwekea divai na nafaka.

Kijiji cha Acharnae kilikuwa kiasi cha kilomita kumi na moja kutoka mjini, na watu wake walijulikana kwa kuchoma mkaa. Wasparta walipiga kambi hapohapo. Kutoka ukutani wachoma mkaa wale waliona moshi, safari hii si wa tanuri zao. Vijana walitaka watoke wapigane. Pericles alikataa hata kuitisha mkutano, kwa kujua watapiga kura kwa hasira. Fikiria baba wa familia yako amesimama juu ya ukuta, ana mkuki mkononi, shamba lake linaungua mbele ya macho yake, na amri ni kukaa. Kwangu mimi hilo ni onyesho lenye vita zaidi kuliko pigano lolote la jukwaani.

Usiandike tu kwamba mashamba yaliteketea yasirudi tena. Mzeituni ni mti mbishi: ukiukata huchipua shinani, na kuukata kwenyewe ni kazi ya kutoa jasho. Ngano huungua vizuri kwa siku chache tu inapokuwa imekauka. Uvamizi wa miaka ile ya mwanzo haukudumu; mrefu kuliko yote ulikuwa wa siku 40, mfupi wa siku 15, kwa sababu na wavamizi walikuwa na mavuno yao. Lililowaumiza zaidi lilikuwa kuona na kutofanya kitu. Mambo yalibadilika mwaka 413 KK, Wasparta walipojenga ngome ya kudumu pale Decelea. Watumwa zaidi ya 20,000, wengi wao mafundi, walitoroka. Mifugo iliangamia. Thucydides anasema Athene iliacha kuwa mji ikawa ngome: mchana watu wako ukutani kwa zamu, usiku karibu wote.

Na maradhi. Majira ya joto ya mwaka 430, mji umejaa watu vibandani, ugonjwa wa kuambukiza ulishuka Piraeus ukapanda mjini. Thucydides aliuugua akapona, ndiyo maana maelezo yake yanatisha: wagonjwa wakijiburuta kwenye visima kwa kiu, maiti ndani ya mahekalu, watu wakiwatupa wafu wao juu ya kuni ambazo wengine wamewaandalia wa kwao. Anatoa hesabu ya wapiganaji wa miguu 4,400 na wapanda farasi 300. Raia wengine, anasema, hawakuhesabika. Watu walimgeukia Pericles, wakamtoza faini, kisha wakamrudisha madarakani. Yeye mwenyewe alifiwa na wanawe wawili halali. Plutarch anasimulia kwamba alijikaza kwa wote, mpaka alipokwenda kumvisha shada la maua mdogo wao, Paralus, akaangua kilio ambacho maishani mwake hakuwahi kulia hadharani. Mwaka uliofuata naye alikufa. Mwenzako akikuuliza tena habari ya machozi, mpe hayo.

Wanawake ndio mwenzako amewasahau kabisa. Kesi moja ya karne ya nne KK imehifadhiwa katika hotuba za Demosthenes: mwanamume anashtakiwa kwamba si raia halali, na ushahidi mmojawapo ni kwamba mama yake aliwahi kunyonyesha mtoto wa watu kwa malipo, na kwamba anauza tepe sokoni, kazi ambazo watu waliziona za kitumwa. Anajibu kwa ukweli wa kuuma: baba alikuwa vitani ng'ambo, mama amebaki na watoto wawili, angefanya nini? Anawakumbusha mahakimu kwamba wanawake wengi raia wa wakati huo walifanya kazi za unyonyeshaji, za kufuma na za shamba la mizabibu kwa sababu ya shida za mji. Tazama vita vinavyofanya kazi: vinampeleka mwanamke sokoni kutafuta riziki, na baada ya miaka mingi kazi hiyohiyo inatumika kumtilia shaka mwanawe uraia. Kama mama wa mchezo wako bado hana kazi, mpe kikapu cha tepe.

Uliuliza kama waliuona ubaya. Waliuona, wakaupamba, na wakausema, yote matatu.

Kuupamba kulikuwa kazi ya serikali. Mifupa ya waliokufa ililetwa nyumbani, ikawekwa siku tatu ndugu walete sadaka zao, kisha ikabebwa katika masanduku kumi ya mberoshi, moja kwa kila kabila, na jeneza moja tupu kwa ajili ya wasiopatikana. Wanawake wa ukoo waliomboleza kaburini, na msemaji mashuhuri alihutubia. Majina yalichongwa kwenye mawe kwa kabila, bila jina la baba, tajiri na mpiga makasia pamoja. Jiwe moja la namna hiyo liko leo katika jumba la Louvre, Paris. Ni la kabila moja tu, Erechtheis, na la mwaka mmoja tu, karibu mwaka 460 KK: majina zaidi ya 170 ya waliokufa Cyprus, Misri, Foinike na karibu na nyumbani. Zidisha mwenyewe. Yatima walilelewa kwa gharama ya umma, na walipobaleghe waliingizwa katika ukumbi wa maigizo kwenye sikukuu ya mungu Dionysos wakiwa wamevaa silaha walizopewa na mji, watu wakawashangilia.

Lakini katika ukumbi huohuo, mwaka 415, miezi michache baada ya Athene kuua wanaume wa kisiwa cha Melos na kuuza wanawake na watoto wao, Euripides aliweka jukwaani wanawake wa Troya, mji uliotekwa na Wagiriki katika hadithi za kale, wakisubiri kugawanywa kwa washindi. Hakumtaja Mmelos hata mmoja. Mwaka 411, baada ya jeshi la Athene kuangamia kule Sicily, Aristophanes alichekesha mji kwa wanawake walioamua kuwanyima waume zao unyumba hadi amani ipatikane. Katikati ya mzaha huo mhusika wake anaanza kusema kwamba mzigo wa wanawake ni maradufu, kwanza wanazaa wana, kisha wanawatoa waende vitani. Afisa wa serikali anamkatiza: nyamaza, usikumbushe mabaya. Kicheko kinasimama hapo, halafu kinaendelea. Nadhani hakuna mstari unaoeleza hali ya umma ule kuliko huo: wanajua, na wanaombana wasikumbushane.

Ila nisikudanganye kwa upande wa pili. Kuchukia gharama ya vita si sawa na kuona vita ni dhambi. Wazo la kwamba vita vingeweza kukomeshwa kabisa hawakuwa nalo, na kuwatia wengine utumwani hakukuwanyima usingizi. Kilichokaribia kuwanyima kilikuwa Mytilene, mwaka 427. Mji huo uliasi, na Waathene, kwa hasira, walipiga kura kuua wanaume wote na kuwauza wanawake na watoto. Meli ikatumwa na amri. Usiku wakajuta. Kesho yake wakakutana tena, wakabadili uamuzi kwa kura chache, wakatuma meli ya pili ikimbize ya kwanza iliyotangulia kwa karibu siku nzima. Wapiga makasia wa ile ya pili walikula unga wa shayiri uliokandwa kwa divai na mafuta huku wakivuta, wakalala kwa zamu. Wale wa kwanza, anasema Thucydides, hawakwenda mbio, kwa kuwa kazi waliyotumwa ilikuwa ya kuchukiza. Meli ya pili iliwahi, amri ikiwa imeshasomwa na kazi haijaanza. Hata hivyo waliohesabiwa kuwa vinara wa uasi, zaidi ya watu 1,000, waliuawa. Familia yako nayo, ikiwa ina uwezo wa kununua ngao, yamkini ina mtumwa, na huenda ni mateka wa mji fulani. Mpe nafasi jukwaani, na asiwepo tu kubeba maji. Yeye ndiye mtu pekee ndani ya nyumba ambaye vita vyake vilishamalizika.

Kwa undani wa mavazi na vyombo, peleka maandishi yako kwenye idara ya historia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Mtu mmoja akikaa nawe saa mbili na picha za vyungu vya Athene, utapata zaidi ya nitakayoweza kuandika hapa. Tafuta hasa vile vyungu vya kuagana: kijana amevaa silaha, mwanamke ameshika chombo cha kumiminia tambiko, baba mzee pembeni, wote kimya.

Kuhusu mwanafunzi wako natoka nje ya fani yangu, kwa hiyo pima maneno yangu. Usilifute onyesho kabla hujaongea naye, na usiliendeleze kabla hujaongea naye. Muite peke yake, si mbele ya kundi, umwambie uliona ametoka na hana kosa lolote. Mpe uhuru wa kweli: kubaki, kushika taa au mavazi nyuma ya jukwaa, au kupumzika mazoezi hayo bila kuulizwa sababu. Usimgeuze kuwa shahidi wa darasa, hata kwa nia njema; habari za njia aliyopita ni zake. Ukiona hapati usingizi, anashtuka kwa kelele, anajitenga au masomo yanaporomoka, hilo si la mwalimu wa maigizo. Mfikishe kwa mwalimu wa ushauri nasaha, na kwa kushirikiana na wazazi, kwa mtaalamu wa afya ya akili hospitalini. Fanya hivyo mapema, usingoje tamasha lipite.

Akikwambia onyesho libaki, basi liandike upya na uondoe mayowe. Watu wa mashamba ya Athene walipoingia mjini walikuwa wamebeba milango. Weka mlango mmoja wa kweli mgongoni mwa mmoja wao, avuke nao jukwaa polepole hadi upande wa pili, asipate pa kuusimamisha. Wanafunzi watauliza kwa nini mlango, na hapo waulize kila mmoja wao angebeba nini. Yeye usimuulize, mpaka aseme mwenyewe.